Neno Lililotoka Zizini: Historia ya Chanjo

  

Leo hatutaanza na dalili za ugonjwa, wala hatutaanza na ratiba ya kliniki. Tutaanza na neno moja la Kiingereza ambalo kila mama wa Isiolo amewahi kulisikia. Neno lenyewe ni "vaccine". Utaliona limeandikwa kwenye friji ya zahanati, na kwenye sanduku la baridi ambalo wahudumu hubeba kwa pikipiki hadi manyattani. Kwa Kiswahili tunasema chanjo. Wasomali husema tallaal, na neno la Waborana liko karibu sana na hilo. Lakini je, mama, umewahi kujiuliza neno hilo la Kiingereza lilitoka wapi?

Nitakuambia kwa nini nauliza. Miaka michache iliyopita, mama mmoja alikuja kliniki na mtoto wa miezi tisa. Siku hiyo mtoto alitakiwa kupata chanjo ya surua, ule ugonjwa ambao wengine huita ukambi. Kabla sijashika sindano, mama akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, ni kweli hii dawa ni ya ng'ombe? Mjomba wa mume wangu amesoma, amesema hilo jina la Kizungu maana yake ni ng'ombe. Sitaki mtoto wangu adungwe kitu cha mnyama."

Mimi nikacheka. Foleni ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali, nami nilidhani ni uvumi kama uvumi mwingine. Nikamwambia hayo ni maneno ya sokoni. Mama hakubishana nami. Alifunga leso yake, akambeba mtoto na kuondoka. Nilidhani ameenda kukaa kivulini na angerudi, lakini hakurudi.

Baada ya majuma machache nilimwona tena. Mtoto alikuwa na homa kali, macho mekundu, vipele mwili mzima, na mbavu zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Ilikuwa surua, na nimonia juu yake. Alilazwa hospitali siku nyingi. Kwa rehema ya Mungu alipona, lakini si kila mtoto hupona.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Yule mjomba hakuwa amedanganya. Neno hilo kweli linatokana na ng'ombe! Mama aliniuliza swali la haki, nami nikamjibu kwa kicheko. Tangu siku hiyo niliamua kuijua historia ya neno hili vizuri, ili mama mwingine akiniuliza nimjibu kwa heshima. Historia hiyo ndiyo mada yetu ya leo.

Ugonjwa uliotisha dunia

Zamani kulikuwa na ugonjwa ulioitwa ndui. Nyinyi vijana hamkuuona, lakini waulizeni wazee. Mgonjwa wa ndui alipata homa kali, kisha mwili ukajaa malengelenge yenye usaha, usoni, mikononi, hata ndani ya mdomo. Katika aina kali ya ugonjwa huo, watu kama watatu kati ya kila kumi walioupata walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walibaki vipofu.

Watu wa zamani waliona jambo moja: aliyeugua ndui akapona hakuugua tena. Kwa hiyo katika nchi nyingi, China, India, Uturuki na sehemu kadhaa za Afrika, watu walijaribu kumpa mtu mzima wa afya ndui kidogo kwa makusudi. Walichukua usaha wa mgonjwa, wakachanja ngozi ya mtu mwenye afya na kuupaka hapo. Mara nyingi aliugua kidogo na kupona, kisha akawa salama maisha yake yote. Lakini hatari ilikuwepo, kwa sababu ile ilikuwa ndui yenyewe. Wachache walikufa, na wengine waliwaambukiza majirani.

Hapa nataka mjue watu wawili. Wa kwanza ni Mwafrika. Alikuwa mtumwa katika mji wa Boston, Marekani, na bwana wake alimpa jina Onesimus. Bwana huyo, mhubiri aliyeitwa Cotton Mather, alimuuliza kama amewahi kuugua ndui. Onesimus akaeleza jinsi kwao Afrika alivyochanjwa mkononi akawa salama. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari mmoja alikubali kuijaribu njia hiyo, na watu waliochanjwa walikufa wachache sana kuliko wasiochanjwa. Kwa hiyo anayekuambia kuchanja ni jambo la wageni peke yao, mkumbushe Onesimus.

Wa pili ni mama kama wewe. Aliitwa Mary Wortley Montagu, Mwingereza. Ndui ilikuwa imemuua kaka yake, na yeye mwenyewe ilimwachia makovu usoni mwaka 1715. Mume wake alipotumwa kuwa balozi Uturuki, Mary aliwaona wanawake wazee wa huko wakichanja watoto. Mwaka 1718 akaamua mwanawe mdogo achanjwe. Aliporudi London, mwaka 1721, akachanjwa binti yake pia, mbele ya madaktari. Madaktari wengi walimdharau, wakisema mwanamke anajua nini? Lakini yeye alikuwa ameona kwa macho yake, na woga wa kumpoteza mtoto ulikuwa mkubwa kuliko woga wa maneno ya watu.

Wakamuaji wa maziwa

Sasa tuingie zizini. Katika mashamba ya Uingereza, ng'ombe walikuwa wakipata ugonjwa mdogo wa vipele kwenye kiwele na chuchu. Waliouita waliuita ndui ya ng'ombe. Wanawake waliokamua walipata vipele hivyo mikononi, wakawa na homa siku mbili tatu, kisha wakapona. Nyinyi mnaokamua mnajua: mkono wa mkamuaji hupata mengi.

Lakini wafugaji waliona kwamba mkamuaji aliyepata ndui ya ng'ombe hakupata ndui ya watu. Mwaka 1774, mkulima mmoja aitwaye Benjamin Jesty alichukua usaha kutoka kwenye kiwele cha ng'ombe, akamchanja mke wake na watoto wake wawili wa kiume. Majirani walimkasirikia sana. Hata hivyo mke na watoto waliishi, na ndui haikuwapata. Jesty hakuwa daktari. Alikuwa mfugaji tu, aliyejua mifugo yake.

Miaka 22 baadaye, daktari wa kijijini aitwaye Edward Jenner aliamua kulichunguza jambo hilo kwa utaratibu. Tarehe 14 Mei 1796, alichukua maji ya kipele kwenye mkono wa mkamuaji mmoja, Sarah Nelmes, aliyeambukizwa na ng'ombe aliyeitwa Blossom. Akamchanja nayo mtoto wa miaka minane, James Phipps, ambaye baba yake alikuwa kibarua. James alipata homa kidogo akapona. Mwezi wa Julai Jenner akamchanja tena, safari hii kwa usaha wa ndui yenyewe, na mtoto hakuugua.

Leo jaribio la namna hiyo kwa mtoto lisingeruhusiwa hata kidogo. Siku hizi chanjo hupimwa kwa miaka mingi, hatua kwa hatua, na watu huombwa idhini. Hata hivyo lazima tukiri kwamba mtoto yule wa maskini aliwafungulia njia watoto wetu wote.

Neno lazaliwa

Mwaka 1798 Jenner aliandika kitabu kuhusu aliyoyaona. Siku zile madaktari wa Ulaya walipenda kuyapa magonjwa majina ya Kilatini, lugha ya kale ya Warumi, hata kama nyumbani walizungumza Kiingereza au Kifaransa. Kwa Kilatini, ng'ombe jike ni "vacca". Kitu cha ng'ombe ni "vaccinus". Na ndui iliitwa "variola", kutokana na neno lenye maana ya madoadoa. Kwa hiyo Jenner akaiita ndui ya ng'ombe "variolae vaccinae", yaani madoadoa ya ng'ombe.

Kutoka hapo Waingereza wakaanza kuyaita maji yale ya kipele "vaccine", na tendo la kuchanja wakaliita "vaccination". Mfaransa akiona ng'ombe husema "vache", na Mhispania husema "vaca". Ukiyatamka yote hayo utasikia ni ndugu. Ni kama Msomali anavyosema lo' na Mborana akasema loon, na wote wawili wanazungumza juu ya ng'ombe.

Basi mjomba alikuwa na haki. Neno lilitoka zizini, kwenye kiwele cha ng'ombe na mkono wa mwanamke mkamuaji.

Woga wa zamani, woga wa leo

Je, watu wa Uingereza waliipokea chanjo kwa furaha? Wengine ndiyo, wengine hapana. Mwaka 1802 mchoraji mmoja wa vikatuni, James Gillray, alichora watu wakichanjwa, huku vichwa vya ng'ombe vikiota kwenye mikono, nyuso na mapaja yao. Watu walicheka, lakini wengine waliogopa kweli. Walisema mtoto atalia kama ndama. Walisema si halali kuchanganya mtu na mnyama.

Unaona, mama? Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, mbali sana na Isiolo, mama mmoja aliogopa jambo lile lile aliloniuliza yule mama wa kliniki. Woga huo ni woga wa mzazi, na hauji kwa sababu mtu hajasoma.

Serikali ya Uingereza nayo ilikosea njia. Mwaka 1853 ilitunga sheria kwamba kila mtoto mchanga lazima achanjwe, na wazazi waliokataa walitozwa faini. Hasira ikapanda. Mwaka 1885 maelfu ya watu waliandamana katika mji wa Leicester. Mwaka 1898 sheria ikabadilishwa, mzazi akaruhusiwa kukataa. Sisi wahudumu tunajifunza nini hapo? Tunajifunza kwamba mzazi haburutwi kwa faini wala hachekwi. Mzazi huelezwa, akaelewa, akaamua.

Kabla ya sanduku la baridi

Kabla hatujasonga mbele, nataka niwaeleze jinsi chanjo ilivyosafiri siku zile. Leo tunabeba sanduku lenye vipande vya barafu. Wakati ule hapakuwa na friji, na maji ya kipele yalikauka na kuharibika njiani. Mwaka 1803, mfalme wa Uhispania alituma meli kupeleka chanjo Amerika, ng'ambo ya bahari. Wakachukuliwa yatima wa kiume kama 22. Wawili walichanjwa mwanzo wa safari. Vipele vyao vilipoiva, yakachukuliwa maji na kuchanjwa wengine wawili, na hivyo hivyo mpaka nchi kavu. Sanduku la baridi lilikuwa mkono wa mtoto.

Aliyewatunza watoto hao baharini alikuwa mwanamke, Isabel Zendal, msimamizi wa nyumba ya yatima. Mmoja wa watoto hao alikuwa mwanawe mwenyewe. Nikimfikiria, husahau uchovu wa barabara ya vumbi ya kwenda Merti.

Neno lapanuka

Mpaka hapo "vaccine" ilikuwa na maana moja tu: kinga ya ndui iliyotoka kwa ng'ombe. Ilikuwaje basi chanjo ya polio, ya pepopunda na ya kifaduro zote zikaitwa jina hilo?

Aliyefanya hivyo ni Mfaransa, Louis Pasteur. Yeye aligundua kwamba kijidudu cha ugonjwa kinaweza kudhoofishwa, kisha kikatumika kuufundisha mwili kujikinga. Mwaka 1881 alijaribu chanjo ya kimeta mbele ya watu, katika shamba la kijiji cha Pouilly-le-Fort. Wafugaji wa Isiolo mnakijua kimeta, kinavyoua mnyama ghafla, na jinsi nyama yake ilivyo hatari kwa mlaji. Pasteur alichanja kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 6. Wanyama wengine wakaachwa bila chanjo. Kisha wote wakadungwa vijidudu vya kimeta. Baada ya siku mbili tu, kondoo wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wanakata roho, na waliochanjwa walikuwa wakila majani.

Mwaka huo huo wa 1881, Pasteur alipendekeza mbele ya mkutano wa madaktari London kwamba kinga zote za namna hii ziitwe "vaccine", kwa kumheshimu Jenner. Ndiyo maana leo jina lina ng'ombe ndani yake, hata kama ng'ombe mwenyewe hayumo.

Miaka minne baadaye, Julai 1885, mama mmoja alisafiri hadi Paris na mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Pasteur alimpa chanjo yake mpya, na mtoto aliishi. Mama huyo hakujua neno la Kilatini, lakini alijua kwamba asipoondoka nyumbani mapema, atamzika mwanawe.

Je, yumo ng'ombe kwenye sindano?

Sasa nijibu swali la yule mama, kama nilivyopaswa kulijibu siku ile. Jina la chanjo halikuambii kilichomo ndani ya chupa. Chanjo ya surua imetengenezwa kwa kirusi cha surua ya watu kilichodhoofishwa. Ya polio imetengenezwa kwa kirusi cha polio. Hakuna usaha wa ng'ombe. Mtoto hageuki kitu kingine. Mwili wake unaonyeshwa adui aliyefungwa kamba, ili siku adui wa kweli akija, umjue na umshinde.

Kuna chanjo moja ya mtoto mchanga ambayo historia yake inamgusa ng'ombe kweli, nami sitaificha. Ni ile ya kifua kikuu, BCG, inayodungwa kwenye mkono wa kushoto mara tu mtoto anapozaliwa. Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, walichukua kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe, wakaanza kukiotesha maabarani mwaka 1908. Walikihamisha kutoka chombo hadi chombo mara 230, kwa muda wa miaka 13, mpaka kikapoteza nguvu ya kuleta ugonjwa. Mwaka 1921 mtoto mchanga wa kwanza alipewa chanjo hiyo mjini Paris. Mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu, na angelelewa na nyanya ambaye naye alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Mtoto huyo alikingwa.

Nyanya unayenisikia, wewe unayelea mjukuu, hadithi hiyo ni yako.

Na kwa kuwa tumemtaja ng'ombe, nikumbushe jambo moja. Kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa brusela huweza kumfikia mtu kupitia maziwa mabichi. Yawe ya ng'ombe, ya mbuzi au ya ngamia, yachemshe kabla ya kumpa mtoto.

Magonjwa mawili yaliyoisha karibu na kwetu

Je, chanjo imefanya kazi? Jibu liko karibu na nyumbani kuliko mnavyodhani.

Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida hakuwa wa mbali. Alikuwa Ali Maow Maalin, kijana mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Ilikuwa Oktoba 1977. Alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili kuonyesha njia, na yeye mwenyewe hakuwa na kinga, kwa sababu aliogopa sindano. Aliugua, akapona. Wahudumu waliwachanja watu waliokuwa karibu naye, na ndui ikakosa pa kwenda. Oktoba 1979, hapa Nairobi, ilitangazwa kwamba eneo letu la Pembe ya Afrika halina ndui tena. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imeisha duniani kote.

Maalin hakusahau. Miaka mingi baadaye alifanya kazi katika kampeni za chanjo ya polio, akiwaambia wazazi wa Somalia: mimi niliogopa, msirudie kosa langu. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado katika kazi hiyo.

Ugonjwa wa pili ulikuwa wa mifugo. Wazee wetu waliuita sotoka. Uliingia kupitia Eritrea mwaka 1887, na miaka michache baadaye ukawa umefagia Afrika Mashariki. Katika sehemu nyingi uliua ng'ombe wanane au tisa kati ya kila kumi. Ng'ombe walipokufa, watu walikufa njaa, na watoto walikuwa wa kwanza.

Chanjo iliyoimaliza sotoka ilitengenezwa Kenya, katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, na kundi la daktari wa mifugo aitwaye Walter Plowright, yapata mwaka 1960. Mara ya mwisho kirusi cha sotoka kuthibitishwa popote duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru. Wenzetu wa Kinna mnaijua mbuga hiyo, ni jirani yenu. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imeisha. Magonjwa yaliyomalizwa kabisa duniani ni mawili tu, ndui na sotoka, na yote mawili yaliishia upande wetu huu.

Tena sikiliza hili: kirusi cha sotoka na kirusi cha surua ni ndugu wa karibu. Ndugu wa zizini tumemmaliza. Ndugu wa nyumbani bado anawachukua watoto wetu.

Neno letu wenyewe

Nimalizie na Kiswahili. Sisi hatukuchukua neno la Kilatini. Tulikuwa na letu. Kuchanja ni kupasua au kukata, kama kuchanja kuni. Kuchanjwa chale ni kukatwa ngozi kidogo ili dawa iingie. Chanjo za ndui zilitolewa hivyo, kwa kukwaruza au kuchomachoma ngozi ya mkono, na mpaka leo akina nyanya na babu wengi wana kovu la duara begani. Mwulize nyanya akuonyeshe lake. Hata mifugo ilichanjwa hivyo. Wafugaji katika sehemu kadhaa za Afrika waliwachanja ng'ombe wao dhidi ya homa ya mapafu kabla hajafika daktari yeyote wa mifugo.

Kwa hiyo Kiingereza kilikumbuka ng'ombe, na Kiswahili kikakumbuka jeraha dogo. Jeraha hilo ni dogo kweli, na mtoto akilia, analia dakika mbili.

Hapa Isiolo tumeona pia kinachotokea kinga ikikosekana. Machi 2022 serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya manjano katika kaunti yetu, na watu walikufa. Mbu hakuuliza nani Mborana, nani Mturkana, nani Mmeru, nani Msomali au Msamburu.

Najua safari ni ndefu. Najua wakati wa ukame familia huhama na mifugo, na tarehe ya kliniki hupita mkiwa mbali. Lakini nimeona pia jinsi familia zetu zinavyojipanga siku ya kuchanja mbuzi. Hakuna mbuzi anayesahaulika, hata yule kilema hubebwa. Mtoto naye ahesabiwe hivyo hivyo.

Mambo ya kukumbuka

Chanjo ya kwanza hutolewa mtoto anapozaliwa. Nyingine hufuata akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Surua huchanjwa mara mbili, akiwa na miezi 9 na miezi 18. Wengi husahau ile ya pili.

Kitabu cha mama na mtoto kisafiri na mtoto. Mkihama, nenda nacho kwenye zahanati iliyo karibu na malisho mapya. Tarehe ikipita, usione aibu, njoo tu. Hatuanzi upya, tunaendelea ulipoachia.

Homa kidogo baada ya chanjo ni kawaida. Kidonda kidogo cha BCG kwenye mkono hutoa usaha baada ya wiki kadhaa, kisha hukauka chenyewe. Usikikamue wala usipake dawa ya kienyeji.

Mtoto akiwa na homa na vipele, akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya au akitapika kila kitu, usingoje kesho. Mpeleke hospitali.

Maswali ya kuzungumza na wenzako

Nani nyumbani kwenu ana kovu la chanjo ya ndui, na anakumbuka nini? Ni mtoto gani katika boma lenu hajamaliza chanjo zake? Ni swali gani unalo kuhusu chanjo ambalo hujawahi kumwuliza mhudumu?

Hilo la mwisho, mama, liulize. Ukiniuliza mimi, sitacheka. Yule mama wa kliniki alirudi na mtoto wake mwingine mwaka uliofuata. Nilimweleza habari za Blossom na za wakamuaji, tangu mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza, akatabasamu, akasema, "Kumbe ni ng'ombe aliyetuokoa." Kisha akanishikia mkono wa mtoto.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tukutane tena kipindi kijacho. Kwaherini.